Mzani wa karati unacheza namba mchana kutwa: ni umeme, simu au mzani wenyewe?

#1 JiweLaBluu
Wakuu, habari za jioni. Naomba mwenye ujuzi anisaidie kabla sijapoteza wateja.

Nina kiofisi ghorofani hapa Arusha mjini, nanunua na kuuza tanzanite na mawe mengine madogo madogo. Mzani wangu ni ule wa kidijitali unaobeba mpaka gramu 20, tarakimu tatu baada ya nukta, na ukibonyeza kitufe unasoma karati, kile kipimo cha uzito wa vito. Asubuhi nikifungua ofisi hauna neno. Jiwe nikiliweka, nikilitoa, nikilirudisha, linasoma 2.315. Kuanzia saa nne hivi mpaka saa kumi jioni ndipo vituko vinaanza: 2.315, 2.330, 2.295, inatulia kidogo, mara 2.340. Meza hakuna aliyeigusa. Hata sahani ikiwa tupu inapanda yenyewe 0.010, halafu inashuka chini ya sifuri.

Sasa broka amekaa mbele yako, jiwe ni lake, macho yote kwenye kioo cha mzani. Namba ikiruka tu anakuangalia kama mwizi. Juzi mmoja alikunja karatasi yake ya mawe akaondoka, na bei tulishakubaliana.

Betri nimeweka mpya, na mara nyingi natumia adapta ya ukutani. Chini yangu kuna saluni na fundi simu, uani kuna jamaa anachomelea mageti. Tatizo ni nini?

#2 Chalii_wa_Ngarenaro
Simu hiyo. Toa simu mezani dada. Nasubiri wataalamu hapa, nimekaa siti ya mbele.

#3 Fundi_Sombetini
Mleta mada, kabla watu hawajakupeleka kununua mzani mpya, jibu haya:
Ukichomoa adapta ukatumia betri peke yake, namba inatulia au bado inacheza? Juu ya meza una taa gani? Feni unayo? Na adapta ni ile iliyokuja na mzani, au ya kuokoteza?

Bila majibu ya hapo kila mtu ataotea tu.

#4 KijengeJuu
Mi nasema upepo. Mzani wa aina hiyo hata ukiupumulia unaondoka sifuri. Kaa nao, shusha kile kifuniko cha plastiki, funga dirisha, uone.

#5 JiweLaBluu
Asanteni. Fundi_Sombetini, majibu yako haya:
Kwa betri inapungua lakini haiishi. Taa ni balbu ya LED ya mezani, ina shingo ya kukunja, naiweka karibu kabisa ili nione rangi ya jiwe. Feni sina. Adapta iliyokuja na mzani iliungua, hii nilinunua barabarani.

Simu nimeipeleka kwenye droo ya mbali. Imesaidia kidogo, sio sana. Kifuniko nashusha siku zote.

#6 Mikrovolti
Naomba nieleze kwa kirefu kidogo, maana watu wengi wanadhani mzani unapima uzito moja kwa moja.

Chini ya sahani kuna kipande cha aluminiamu kinachopinda kwa kiasi ambacho jicho halioni. Juu yake zimegandishwa nyuzi nyembamba za upinzani, nne, zimefungwa kwa mtindo wa daraja. Ndiyo lodi seli. Kipande kikipinda upinzani unabadilika kidogo sana na daraja linatoa volti ndogo. Chukua lodi seli inayotoa milivolti 1 kwa kila volti moja inayolishwa. Ukiilisha volti 5, mzigo ukiwa umejaa gramu 20 unapata milivolti 5 tu. Mzani wako una hatua 20,000 kutoka sifuri hadi gramu 20. Gawanya: hatua moja ni robo ya mikrovolti. Hiyo ndiyo inayoamua kama kioo kitasoma 2.315 au 2.320, kwa sababu gramu 0.001 ni karati 0.005.

Sasa robo ya mikrovolti inasumbuliwa na kila kitu. Kelele za umeme zinaingia kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni waya: adapta ya bei rahisi inakata umeme mara maelfu kwa sekunde na haina filta ya maana, uchafu wote unaingia kwenye mzani. Ya pili ni hewani: simu, transfoma ya kuchomelea, taa. Simu ya 2G inarusha mawimbi kwa vipande vipande, mara 217 kwa sekunde. Ndiyo maana redio ilikuwa inakoroma "trrr trrr" kabla simu haijaita. Mzani unasikia koromo hilohilo, ila unalionyesha kwa namba.

Ushauri wangu: tafuta pete ya feraiti, kile kidude cheusi kinene unachokiona kwenye nyaya za skrini za kompyuta. Mafundi simu wanavyo vya kuokoa kwenye nyaya mbovu, bei ni ndogo. Zungusha waya wa adapta ndani yake mara kadhaa, karibu na mzani, sio karibu na ukuta. Ikiwezekana tafuta adapta ya zamani yenye transfoma nzito ya chuma. Hakikisha volti ni zile zilizoandikwa kwenye mzani, na chanya na hasi ziko upande wake.

#7 Fundi_Sombetini
Mikrovolti umeeleza vizuri mkuu. Naongeza moja: kwa adapta hizi za pini mbili kuna kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme mkubwa na upande wa umeme mdogo. Kwa kuwa hakuna ethi (waya wa kwenda ardhini), ule upande mdogo unaelea, unaweza kukuta karibu nusu ya volti 230 ukipima kwenda ardhini. Nguvu haina ya kuua, lakini ukigusa chuma kwa mkono wenye jasho unahisi mtekenyo. Dada, ukigusa sahani adapta ikiwa imechomekwa, namba inabadilika tabia?

#8 MzeeWaVipimo
Vijana, naona mnaelekea kwenye bisibisi. Mzani unaotumika kununua na kuuza unatakiwa uwe umehakikiwa na Wakala wa Vipimo na una stika au lakiri yake, kila mwaka. Ukiifungua na kukata lakiri, hata kama nia yako ni njema, mzani huo haufai kwa biashara mpaka uhakikiwe tena, na ukikutwa nao unatozwa. Dada asifungue kitu. Pete ya feraiti nje ya mzani sawa.

Halafu kuna jambo hamjaligusa. Mizani hii inatengenezwa mbali huko na kusetiwa huko. Arusha tuko juu, kama mita 1,400, na tuko karibu na ikweta. Mvuto wa dunia hapa ni mdogo. Lazima mzani usetiwe hapahapa kwa jiwe lake la kupimia.

#9 Chalii_wa_Ngarenaro
Heee, kumbe! Basi jibu ni hilo. Mvuto wa Arusha ndio unaruka.

#10 Mikrovolti
Chalii, mvuto hauruki saa nne asubuhi ukatulia saa kumi jioni 😄

Mzee yuko sahihi kwa hoja yake, ila ni tatizo lingine. London mvuto ni takriban 9.812, hapa kwetu takriban 9.776. Tofauti ni chini kidogo ya asilimia 0.4. Mzani uliosetiwa London ukaletwa hapa bila kusetiwa upya utapunguza karibu gramu 3.7 kwa kila kilo. Kwa jiwe la karati 2.315 ni kama karati 0.0085, chini ya hatua mbili kwenye kioo. Na utapunguza vilevile asubuhi, mchana na usiku. Kosa la mvuto limekaa, kosa la dada linacheza.

#11 MzeeWaVipimo
Hapo nakubaliana. Lakini asiache kuuseti. Hatua mbili kwa kila jiwe, ukinunua mawe mengi, ni pesa ya mtu.

#12 KahawaMoshi
Habari za Arusha. Mimi niko Moshi, kazi yangu ni kuonja kahawa. Tunapima gramu 8.25 za kahawa kwa mililita 150 za maji, kikombe baada ya kikombe, na mzani wetu ni wa tarakimu mbili baada ya nukta. Ulikuwa na tabia hiyohiyo ya dada.

Kwetu ilikuwa TAA. Narudia, taa. Tulikuwa na balbu ya LED ya bei ya chini inaning'inia juu ya meza ya mizani. Mwenzangu mmoja akaizima ili aangalie rangi ya punje kwa mwanga wa dirishani, namba ikaganda palepale. Akaiwasha, ikaanza kutembea. Akazima, ikaganda. Tulisimama watatu tunaangalia mkono wake kwenye swichi. Balbu ile tulipoifungua haikuwa na filta hata moja, waya unaingia moja kwa moja kwenye saketi.

Dada kasema taa yake ina shingo na anaishusha karibu na mzani. Mimi naweka hela yangu hapo.

#13 KijengeJuu
Na joto la taa je? Ukiweka taa karibu, hewa chini ya kifuniko inapata moto, inapanda, inasukuma sahani. Huo bado ni upepo. Nilisema mapema.

#14 KahawaMoshi
KijengeJuu, joto haliondoki kwa sekunde moja ukizima swichi. Yetu iliganda papo hapo.

#15 KijengeJuu
Yenu. Ya dada hatujaiona.

#16 Mama_Vipaketi
Mimi nimekaa Mirerani miaka mingi kwenye haya mawe, nawaambia kitu kingine. Tazameni mawe yanawekwa kwenye nini. Wengine siku hizi wanatumia vipaketi vya plastiki vya kufunga kwa kubana. Kipindi hiki cha kiangazi, baridi ya asubuhi, mtu amevaa sweta la sufu, anatoa kipaketi mfukoni, kimejaa umeme wa msuguano. Ukikisogeza tu karibu na mzani, kabla hata hujaweka jiwe, namba inakimbia. Kifuniko cha plastiki nacho ukikipangusa kwa kitambaa kikavu kinashika umeme, kinavuta sahani juu.

Jaribu hivi mwanangu: sugua kipaketi kwenye sweta, kipitishe juu ya sahani bila kugusa. Ukiona namba inakimbia ujue. Dawa yake, pangusa kifuniko na kitambaa chenye unyevu kidogo, mawe yaweke kwenye kisahani cha chuma, na mzani uukalishe juu ya trei ya chuma. Kipaketi kibaki kwenye mkono wa broka, mbali.

Asubuhi ofisini hakuna watu. Saa nne ndipo mabroka wanapoanza kuingia na masweta yao na vipaketi vyao. Hesabu mwenyewe.

#17 Chalii_wa_Ngarenaro
Mama amemaliza mchezo.

#18 Fundi_Sombetini
Hajamaliza. Dada kasema hata sahani tupu inacheza. Ila jaribio la sweta ni zuri, afanye, halina gharama.

#19 Pori_Kwa_Pori
Nimesoma yote. Mimi nafanya kazi na wageni wa uwindaji wanaopitia Arusha. Wamarekani wengi hujijazia risasi wenyewe kwao nyumbani, na mizani yao ya kupimia baruti ina ugonjwa huuhuu. Wao wanapima kwa greni. Greni moja ni gramu 0.0648, na mizani yao inasoma sehemu ya kumi ya greni, yaani miligramu 6 na nusu hivi. Mzani wa dada unasoma kwa miligramu moja, ni mkali zaidi.

Kwao namba ikidanganya sio hasara ya pesa. Baruti ikizidi, bunduki inaweza kupasuka usoni. Kwa hiyo wanafuata utaratibu. Mzani unawashwa nusu saa kabla ya kazi, hauzimwi katikati. Hawaukalishi chini ya taa za tyubu. Simu haipo chumbani. Soketi ya mzani haichangii na kitu kingine. Na wengi wana mzani wa pili wa kizamani, wa mkono na kisahani, usiojua umeme ni nini. Wakiona shaka wanahamisha mzigo kule.

Dada, huo mzani wa kizamani ungekuwa nao hata broka angetulia.

#20 JiweLaBluu
Nimefurahi jinsi mnavyonisaidia. Majibu:

Fundi, ukigusa sahani adapta ikiwa imechomekwa, ndiyo, inaruka zaidi. Kwa betri ukigusa haibadiliki.
KahawaMoshi, nimezima taa leo mchana. Imetulia kiasi, halafu ikaanza tena.
Mama, shikamoo. Jaribio la sweta nimefanya, namba imekimbia kweli! Nikaweka trei ya chuma ya chai chini ya mzani, ikapungua.
Pori_Kwa_Pori, mzani wangu unajizima wenyewe baada ya dakika chache. Kila broka akija nauwasha upya. Hilo nalo ni tatizo?

#21 Mama_Vipaketi
Marahaba mwanangu.

#22 Mikrovolti
JiweLaBluu, ndiyo ni tatizo. Ukiuwasha tu, saketi inapata joto taratibu na sifuri inatembea. Lakini kutembea huko ni kwa upande mmoja, polepole. Kuruka huku na huku ni kitu kingine. Nadhani una matatizo mawili au matatu yamepandiana, ndiyo maana kila dawa inasaidia kidogo.

#23 Njiro_Spaki
Mnazunguka sana. Adapta haina ethi, sivyo? Chukua kipande cha waya, unganisha nyutro na ethi humohumo kwenye soketi. Kelele zinaisha. Nimeshafanya mahali kwingi.

#24 Fundi_Sombetini
Njiro_Spaki aliandika: "unganisha nyutro na ethi humohumo kwenye soketi"

HAPANA. Naomba kila anayesoma uzi huu asifanye hivi. Siku nyutro, ule waya unaorudisha umeme, ikikatika huko nje, umeme wote wa volti 230 unarudi kupitia ule waya wako na kukaa kwenye kila chuma kilichounganishwa na ethi: pasi, friji, trei ya dada. Mtu akigusa amekwenda. Pia swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja haitafanya kazi yake sawasawa.

Ethi ni fimbo iliyozikwa ardhini na kupimwa kwa kifaa chake. Udongo wetu wakati wa kiangazi unakauka, fimbo fupi inakuwa pambo. Majengo mengi ya zamani hapa mjini waya wa kijani na njano umeishia kwenye soketi, nyuma hauendi popote. Dada, muombe mwenye jengo amlete fundi mwenye leseni apime. Hiyo ni kazi ya jengo zima, saluni ya chini nayo itapona.

#25 Njiro_Spaki
Sawa mkuu, lakini mbona sehemu zingine nyutro na ethi zimeunganishwa?

#26 Fundi_Sombetini
Zinaunganishwa sehemu moja tu, upande wa kuingilia umeme, kwa utaratibu wa mwenye mtandao. Sio kwenye soketi ya mtu. Hapo sibishani.

#27 DadaWaDraya
Mimi nina saluni (sio hiyo ya chini yake jamani). Draya tatu zikiwashwa kwa pamoja taa zetu zinafifia. Je umeme ukishuka ghafla hivyo mzani hauwezi kupepesuka? Wateja wetu wanaanza saa nne, jioni ndiyo tunapumua. Saa zinalingana na za mleta mada.

#28 KahawaMoshi
Hoja nzuri. Pia yule wa mageti uani. Mashine ya kuchomelea na grainda zinatupa cheche, na cheche inatoa kelele kwa mawimbi ya kila aina. Redio ikiwa hapo utaisikia. Dada, tafuta redio ndogo ya AM ya betri, iweke karibu na mzani katikati ya vituo viwili. Ikikoroma wakati namba inaruka, sikiliza ni nani anafanya kazi wakati huo. Ukiisogeza kuelekea kitu kinachosumbua inakoroma zaidi.

#29 Chalii_wa_Ngarenaro
Redio ya AM mnaipata wapi siku hizi? Kwa babu?

#30 MzeeWaVipimo
Ninayo ndani hapa. Na inafanya kazi, kijana.

#31 KijengeJuu
Tukiacha mzani, hivi yale mawe ya tanzanite ya Laizer, yule mchimbaji wa Mirerani, yalipimwa na mzani gani? Lile la kilo 15.

#32 Mama_Vipaketi
Hayakuwa jiwe moja la kilo 15. Mwezi wa sita 2020 yalikuwa mawili, moja kilo 9.27 na lingine kilo 5.1. Mwezi wa nane akauza la tatu, la kilo 6.3. Mzani wa gramu 20 ungelia.

#33 KijengeJuu
Asante mama. Bado nasema upepo.

#34 JiweLaBluu
Wakuu, narudi na habari mpya, na imenichanganya zaidi.

Feraiti nimepata kwa fundi simu wa chini, nimezungusha. Taa nimebadilisha. Trei ipo. Simu hazipo. Mambo ni afadhali sana, broka wa jana tumemalizana vizuri, jiwe la 1.840 limekaa 1.840.

Lakini leo Jumapili nimeingia ofisini kufanya hesabu. Umeme ulikatika mtaa mzima. Saluni imefungwa, wa mageti hayupo, fundi simu hayupo. Mzani kwa betri, mimi peke yangu. Kwenye saa nane mchana namba zikaanza kutembea tena: 0.000, 0.005, 0.010, 0.015. Sio kuruka, kupanda tu. Nikaurudisha sifuri, ukapanda tena.

#35 Mikrovolti
Kupanda tu, upande mmoja? Hapo sio kelele za umeme. Hiyo ni joto au unyevu.

#36 Mama_Vipaketi
Au kifuniko kimeshika umeme tena. Ulikipangusa na nini?

#37 KijengeJuu
😄😄 Hewa ya moto. Dada, dirisha lako linaangalia upande gani? Saa nane jua linapiga wapi mezani?

#38 JiweLaBluu
Linaangalia magharibi. Jua linafika kwenye kona ya meza, sikumbuki kama linafika kwenye mzani. Kesho saa nane nitaweka kadibodi dirishani na nitaangalia.

#39 Fundi_Sombetini
Weka kadibodi, ila hilo la sahani kuruka ukiigusa na adapta bado halijajibiwa. Usisahau kumtafuta mwenye jengo.